Usimamizi wa shughuli za binadamu katika hifadhi ya bahari: maana yake, na mifano kutoka Mediteranea

Mtu akichukua kanuni za hifadhi yoyote ya bahari na kuzisoma kifungu kwa kifungu, hatakuta hata kimoja kinachomwelekeza samaki aishi vipi. Vifungu vyote humwelekeza binadamu: wapi atie nanga, wavu wake uwe na macho ya ukubwa gani, siku zipi aingie kuvua na zipi abaki nchi kavu, umbali gani akae na ndege wanaotaga, wangapi washuke kisiwani kwa siku moja. Hapo ndipo ilipo maana ya dhana hii. Usimamizi wa shughuli za binadamu katika hifadhi ya bahari ni kazi ya kuamua ni shughuli zipi ziruhusiwe ndani ya eneo lililotengwa, zifanyike wapi, kwa kiasi gani, kwa zana zipi na kwa idhini ya nani, ili viumbe na makazi yao yapate nafasi ya kujirudisha, na watu wanaoitegemea bahari hiyo wasipoteze riziki bila sababu.

Ni vema kutahadhari na majina, kwa kuwa jina la eneo halielezi kinachofanyika ndani yake. Nchini Tanzania, katika hifadhi ya bahari kama ile ya Mafia wananchi wanaishi na kuvua kwa kufuata kanda, ilhali katika eneo tengefu, kama Mbudya au Bongoyo, uvuvi hauruhusiwi. Kusini mwa pwani ya Kenya, Kisite hakuvuliwi kabisa, lakini Mpunguti iliyo jirani, ambayo nayo ni eneo lililohifadhiwa kisheria, mvuvi wa zana za jadi anaruhusiwa. Kwa hiyo anayetaka kujua hifadhi fulani ni ya namna gani asiulize inaitwaje, aulize ni nani anayekatazwa nini, na nani anayehakikisha kwamba katazo hilo linafuatwa.

Bahari ya Mediteranea ni mahali pazuri pa kuielewa dhana hii, kwa sababu pwani yake imekaliwa na kuvuliwa kwa maelfu ya miaka, na hakuna sehemu ya maana inayoweza kuzungushiwa mpaka bila kumgusa mvuvi, mwenye hoteli, nahodha au muogaji. Nchi zake zilitia saini Mkataba wa Barcelona mwaka 1976 ili kuilinda bahari hiyo na uchafuzi, na mwaka 1995 zikakubaliana itifaki kuhusu maeneo yenye ulinzi maalumu na bayoanuwai. Makubaliano hayajakosekana. Hata hivyo, tathmini ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 2020 ilionyesha kwamba maeneo yaliyohifadhiwa yalikuwa takriban asilimia 6 ya bahari yote, na kwamba katika asilimia 95 ya maeneo hayo masharti yaliyowekwa ndani hayakuwa makali kuliko ya nje. Sehemu zilizokuwa na ulinzi kamili au wa hali ya juu zilikuwa asilimia 0.23 tu ya bahari nzima. Hizi ndizo huitwa hifadhi za karatasi: mpaka umechorwa, tangazo limetoka, na mvuvi wa nyavu za kukokota anapita humo kama alivyopita jana.

Torre Guaceto, katika mkoa wa Puglia kusini mashariki mwa Italia, imewahi kuwa katika hali hiyo na kisha ikatoka, na ndiyo sababu watu wa fani hii huitaja mara kwa mara. Hifadhi hiyo ya hekta 2,227 ilitangazwa mwaka 1991, lakini kwa takriban miaka 10 tangazo lile halikubadilisha mengi baharini. Mabadiliko yalianza pale chombo cha usimamizi kilipoundwa, kikiunganisha manispaa za Brindisi na Carovigno pamoja na shirika la uhifadhi la WWF la Italia, na doria zikawa za kweli. Eneo liligawanywa kwa kanda tatu. Kanda A, yenye hekta 179, haingii mtu wala chombo isipokuwa kwa kazi ya utafiti au ya hifadhi yenyewe. Kanda B, yenye hekta 163, mtu anaweza kuoga na kutembezwa kwa utaratibu, ila havui. Kanda C, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, inavuliwa kwa masharti.

Masharti hayo ya kanda C yanastahili kuelezwa kwa urefu kuliko mengine. Mwanzoni uvuvi wote ulifungwa, na wavuvi wadogo wadogo wa eneo lile, ambao bila shaka hawakufurahi, wakakaa nje hadi mwaka 2005. Kabla ya kufungua tena, wasimamizi, watafiti na wavuvi waliketi pamoja wakakubaliana: kila chombo kiingie siku moja tu kwa wiki, urefu wa wavu uwe na kikomo, macho ya wavu yawe makubwa kuliko yaliyozoeleka ili samaki wachanga wapite, na mtafiti aruhusiwe kuhesabu na kupima kinachovuliwa. Safari za mwanzo zilileta samaki wengi mara kadhaa kuliko waliopatikana nje kwa urefu uleule wa wavu, jambo ambalo halishangazi baada ya miaka ile ya kupumzika. Jambo la maana zaidi ni lililofuata: mavuno yalishuka, kisha yakatulia kwenye kiwango cha takriban mara mbili ya kile cha nje, wakiwemo wakundaji wa miambani ambao soko la Italia huwapenda sana. Hapo mvuvi aliyekuwa akivua siku nyingi kwa kupata kidogo akajionea mwenyewe faida ya kuvua siku moja kwa kupata kingi, akitumia mafuta kidogo na kuchakaza nyavu kidogo.

Kwa maoni yangu, siku ile moja kwa wiki ndiyo kiini cha somo lote la Torre Guaceto, kuliko hata kanda iliyofungwa kabisa. Kufunga ni rahisi kueleza na ni rahisi kulinda, kwa kuwa kila chombo kinachoonekana humo kimekosea. Kufungua kwa kiasi kunadai ujuzi wa hali ya samaki, imani kati ya watu ambao hawakuwa wakiaminiana, na uthubutu wa kubadili kiasi hicho pale takwimu zinapobadilika. Wavuvi wa pweza wa pwani yetu, ambao vijiji vyao hufunga mwamba kwa miezi michache kisha wakaufungua kwa siku zilizokubaliwa, wataitambua hesabu hii bila kufafanuliwa.

Swali linalofuata ni kwa nini kumzuia binadamu sehemu moja kuongeze samaki, tena hata nje ya mpaka. Sehemu ya jibu iko katika ukubwa. Jike kubwa hutaga mayai mengi mno kuliko majike madogo kadhaa wenye uzito uleule kwa jumla, na samaki wakiongezeka ndani, baadhi yao huhamia nje kutafuta nafasi, ilhali mayai na viluwiluwi huchukuliwa na mikondo hadi mbali zaidi. Chewa wa Mediteranea, yule mwenye mabaka anayekaa mapangoni, huanza maisha akiwa jike na hugeuka dume baada ya miaka mingi, akiwa tayari mkubwa. Mvuvi wa mkuki akichagua wale wakubwa tu, kama ilivyo kawaida, anaondoa madume karibu yote, na kundi linabaki na majike yasiyo na wenza. Ndiyo maana Ufaransa ilipiga marufuku kumvua chewa huyo kwa mkuki upande wa Mediteranea tangu mwaka 1993, na baadaye ikaongeza katazo la kumvua kwa ndoana.

Sehemu nyingine ya jibu haionekani mpaka mtu azame. Samaki fulani wa miambani hula wale wanyama wa mviringo wenye miiba kama ya nungunungu, ambao nao hula mwani. Samaki wakivuliwa wakapungua, wenye miiba huongezeka, mwani huliwa wote, na mwamba uliokuwa msitu mdogo wa baharini hubaki jiwe tupu. Katika pwani hiyohiyo ya Puglia kuna uharibifu mwingine mbaya zaidi: kombe mwembamba anayefanana na tende hujichimbia ndani ya mawe ya chokaa, na anayemtaka hana budi kulivunja jiwe lenyewe kwa nyundo. Italia ilikataza uvunaji wake mwaka 1998, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2006. Kwa biashara ya namna hiyo hakuna kiasi cha kukubaliana, kwa sababu kila sahani moja mezani ni kipande cha mwamba kilichokwisha. Usimamizi, kwa hiyo, si lazima uwe wa kupatanisha kila jambo. Kuna shughuli ambazo jibu lake ni hapana.

Uvuvi, hata hivyo, si mzigo pekee, na katika hifadhi nyingi za upande wa kaskazini mgeni wa likizo ndiye anayewasumbua zaidi wasimamizi. Hifadhi ya Taifa ya Port-Cros, iliyoanzishwa na Ufaransa mwaka 1963 ikijumuisha kisiwa na maji yanayokizunguka, imepata umri wa kutosha kuliona hilo. Ndani ya maji ya Port-Cros mkuki umekatazwa na nyavu za kukokota zimekatazwa, lakini wavuvi wadogo wenye kibali wanaendelea na kazi chini ya makubaliano maalumu, na wazamiaji wa mitungi ya hewa nao wana masharti yao. Tatizo gumu ni nanga. Chini ya maji hayo kumetanda nyanda za Posidonia oceanica, mmea ambao watu wengi huuchanganya na mwani, ingawa ni mmea kamili wenye mizizi, maua na mbegu, jamii ya nyasi bahari zinazoota hata kwetu. Nyasi hii haipatikani kiasili nje ya Mediteranea, na shina lake hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka. Nanga ya mashua kubwa ikiburuzwa na upepo kwa saa moja hung'oa kile ambacho hakitarudi katika maisha ya nahodha wala ya mwanawe.

Hapa ndipo mtu huona tofauti kati ya kukataza na kusimamia. Katazo peke yake huhamisha mashua kutoka ghuba moja kwenda nyingine. Njia inayofaa zaidi ni kuweka maboya yaliyofungwa imara kwenye sakafu ya bahari bila kuharibu nyasi, ili chombo kijifunge hapo badala ya kushusha nanga, kisha kukataza nanga pale penye nyasi. Amri ya mwaka 2019 ya mamlaka ya bahari ya Ufaransa upande huo ilifungua njia ya kuzizuia mashua za mita 24 na zaidi zisitie nanga juu ya nyanda hizo za nyasi. Katika kisiwa jirani cha Porquerolles, ambacho nacho ni sehemu ya hifadhi hiyo, tangu mwaka 2021 abiria wanaovushwa wakati wa kiangazi wamewekewa kikomo cha 6,000 kwa siku. Idadi hiyo bado ni kubwa kwa kisiwa kidogo, na wapo wanaoona ingekuwa chini zaidi. Lakini kabla yake hakukuwa na kikomo, na mwenye chombo alibeba kadiri alivyopata wateja.

Kuhusu doria sitasema mengi, ila kwamba kanuni isiyo na mtu wa kuisimamia ni ushauri tu. Katika Ghuba ya Gökova, kusini magharibi mwa Uturuki, ambako maeneo sita yalifungwa kwa uvuvi mwaka 2010, Chama cha Hifadhi ya Mediteranea kiliajiri askari wa bahari kutoka miongoni mwa wavuvi wenyewe, watu wanaojua ni saa ngapi na kwa njia gani mwenzao huvuka mpaka gizani. Mahali pengine kazi hiyo hufanywa na walinzi wa pwani wa serikali, wenye vyombo vya kasi lakini pia wenye majukumu mengine mengi.

Dhana hii ina mipaka yake, nayo haiko kwenye ramani ya hifadhi. Tangu Mfereji wa Suez ufunguliwe mwaka 1869, viumbe wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi wamekuwa wakiingia Mediteranea, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo wanavyosonga magharibi. Miongoni mwao wamo tasi, samaki ambao katika soko la Mombasa au Zanzibar hawamshangazi mtu. Katika pwani za Uturuki na jirani zake wameumaliza mwani wa miambani, hata mahali ambapo hapavuliwi. Mwingine ni Pterois miles, samaki mwenye mapezi marefu yenye sumu, anayekula samaki wadogo wa wenyeji ambao hawajazoea kumkimbia. Hakuna kanuni ya hifadhi inayoweza kumzuia mgeni wa aina hiyo mpakani. Huko Kupro, chini ya mradi wa Ulaya ulioanza mwaka 2017, wazamiaji waliofunzwa walipewa vibali maalumu vya kushuka na mitungi ya hewa na mikuki kwenda kumwondoa samaki huyo. Kwa kila mtu mwingine, kuvua kwa mkuki ukiwa na mtungi mgongoni kunabaki kukatazwa na sheria.