Tundu la ozoni silo linaloipasha dunia joto

Kila joto la Januari linapoibana Dar es Salaam, ujumbe uleule hurudi katika makundi ya WhatsApp: eti dunia inapata joto kwa sababu ozoni, tabaka la gesi angani linalotukinga na miale mikali ya jua, imetoboka. Sivyo. Tundu hilo hutokea juu ya Antaktika, hasa Septemba hadi Novemba, na madhara yake makubwa ni kupenyeza miale hiyo ya jua, iitwayo urujuanimno. Kinachoongeza joto ni hewa ya ukaa itokanayo hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambayo hulizuia joto lisitoke, mfano wa daladala iliyofungwa vioo juani. Vipimo vya satelaiti vinathibitisha: hewa ya chini imepata joto, ilhali tabaka la juu la hewa limepoa. Mkanganyiko unaeleweka, kwani gesi za majokofu ya zamani zilizoiharibu ozoni nazo huzuia joto. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze tena.