Mfumo mpya wa kufundishia mtandaoni: tunayoaminishana koridoni na yalivyo kweli

Chuo kikibadilisha mfumo wa kufundishia mtandaoni maneno huwa ni yale yale, koridoni, kwenye chai, kwenye grupu la WhatsApp la idara, na mengi yanayosemwa hapo sio kweli au ni kweli nusu. Mi nafundisha chuo hapa Tanzania na nimekuwa nawasaidia wenzangu wa idara kuhamia mfumo unaoitwa Moodle, kwahiyo nitaongelea hiyo zaidi, maana ndo iliyoshika vyuo vingi huku kwetu, programu yenyewe haina ada ya leseni.

"Nimeshapandisha slaidi zote, kozi yangu iko mtandaoni"

Hapana Dokta, hapo umehamisha kabati la mafaili tu. Fungua ukurasa wa kozi kama mwanafunzi (Moodle ina sehemu kwenye menyu ya jina lako ya kubadili uonekane kama mwanafunzi, itumie) uone anachokutana nacho, mafaili kumi na kitu yamepangana, moja linaitwa "Lecture 4 final", jingine "Lecture 4 final final". Aanze na lipi? Darasani ulikuwa unasema kwa mdomo, hii mtaisoma wenyewe, hii nitaitolea test, hapa msihangaike sana. Hayo maneno ndo yalikuwa kufundisha na kwenye mfumo hayapo mpaka uyaandike. Sentensi mbili tu juu ya kila faili, wiki hii soma kurasa hizi, jibu maswali haya matatu, ukikwama uliza hapa. Kazi kubwa ya kuhamia mtandaoni ni hiyo, kubofya unajifunza siku moja unamaliza.

Na uzito wa faili jamani. Slaidi zenye picha za simu zisizobanwa zinafika MB 45 bila hata kushtuka. Darasa la watu 200 wakipakua wote hizo ni GB 9 za bando, na bando hilo linatoka kwenye boom (hela ya mkopo ya kujikimu), halilipwi na chuo. Bana picha humo humo kwenye PowerPoint, kisha hifadhi kama PDF, mara nyingi inashuka mpaka MB chache.

"Bila video ya lisaa limoja hiyo sio e-learning"

Nani kasema? Sauti peke yake ya saa 1 ukiihifadhi kwa kilobiti 64 kwa sekunde haifiki MB 30, weka na PDF ya slaidi pembeni, mwanafunzi aliyeko Namtumbo kule Ruvuma atasikiliza vizuri tu. Video weka pale panapohitaji kuonekana kitu, jaribio la maabara, namna ya kuchora, hesabu inayoandikwa hatua kwa hatua, na iwe fupi.

"Nimeweka tarehe ya mwisho, ikifika mfumo unafunga"

Hapa ndo ugomvi wa wahadhiri na wanafunzi unapozaliwa kila semista kwahiyo nitakaa kidogo. Kwenye kazi za kukusanya, Moodle ina tarehe mbili tofauti. Ile "Due date" haifungi kitu, mwanafunzi anaweza kupandisha kazi hata baada yake, anachopata ni alama ya kwamba amechelewa. Inayofunga ni "Cut-off date" na usipoiwasha mlango uko wazi, halafu unashangaa mbona kazi zinaendelea kuingia wiki ya pili na CR (kiongozi wa darasa) anakuuliza kwanini fulani karuhusiwa.

Halafu saa. Mfumo unahesabu saa 24. Mhadhiri anataka kazi ziishe Ijumaa saa sita usiku, anaweka Ijumaa 00:00, anatangaza darasani "Ijumaa saa sita usiku". Sasa hiyo 00:00 ya Ijumaa ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yani Alhamisi watu wamelala ndo mlango umeshafungwa, na Ijumaa mchana darasa zima wanapiga simu. Na hapo hujamkosea mwanafunzi yeyote kwa makusudi ila koswaki (maksi za kazi za semista) ya watu iko hatarini. Weka 23:55 siku unayoitaka, tangaza kwa maneno "Ijumaa usiku, dakika tano kabla ya saa sita", na mwambie aliyekabidhiwa mfumo ahakikishe saa za seva ni za Afrika Mashariki, kwasababu kuna seva zimewekwa saa za London na hakuna aliyezigusa.

"Vijana wa siku hizi hawahitaji kufundishwa mfumo"

Wanajua TikTok na WhatsApp, ndio. Ila kijana wa mwaka wa kwanza aliyetoka shule ambayo kompyuta zilikuwa zimefungwa kwenye chumba, umwambie abadilishe faili kuwa PDF alipe jina na namba yake ya usajili alipandishe, anakwama kama wewe tu. Kuna kazi nyingi zinabaki kama rasimu kwasababu mwalimu aliwasha kile kipengele cha kumtaka mwanafunzi abofye mara ya pili kuthibitisha, kijana kaona faili lake limeingia kafunga simu kaenda zake. Mhadhiri anaona hakuna kilichowasilishwa, anaweka sifuri, kesi inafika kwa mkuu wa idara. Wiki ya kwanza toa kazi ya majaribio isiyo na maksi, wapandishe hata picha ya ubao, wanaokwama utawajua mapema.

"Tatizo ni maprofesa wazee"

Mi hii naipinga kabisa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na wanafunzi wakaanza 1994, enzi hizo hakuna mfumo wa mtandaoni wa kumsaidia mtu, mwanafunzi yuko mkoani na maandishi yake. Mtu aliyewahi kumwandikia mwanafunzi asiyemuona anajua kutoa maelekezo yanayojitosheleza. Huyo mfundishe kubofya na atafanya kozi nzuri kuliko sisi vijana tunaobofya haraka na kurusha mafaili. Kinachomsumbua ni neno la siri linaloisha muda na mtu wa ICT anayemjibu kama anamsuta.

"Kuingiza maswali moja moja ni mateso, bora nitunge test ya karatasi"

Usiingize moja moja. Kuna mtindo unaitwa Aiken, unaandika swali mstari mmoja, chini yake A. B. C. D. kila moja mstari wake, mstari wa mwisho ANSWER: B. Neno hilo liwe kwa herufi kubwa na kwa Kiingereza hivyo hivyo, ukiandika JIBU linakataa. Unaruka mstari, swali linalofuata. Hifadhi kama txt ya kawaida (UTF-8), sio Word, kisha unaingiza lote kwa mpigo. Maswali 50 ya madesa yako ya miaka yote yanaingia kwa kikombe kimoja cha chai.

"Mtandaoni wataibiana tu" na ndugu yake "mfumo unakamata wanaokopi"

Zote mbili zimepinda. Moodle yenyewe kama ilivyo haikamati wizi wa maandishi, inahitaji kuunganishwa na programu nyingine kama Turnitin, na hata hiyo asilimia inayotoka ni ya kufanana, sio ya wizi. Kazi yenye nukuu nyingi na orodha ndefu ya marejeo inaweza kuwa na asilimia kubwa na mtu hajaiba kitu, kwahiyo soma ripoti kabla hujamwita mtu mwizi. Kinachowezekana kirahisi ni kuchanganya mpangilio wa maswali na kuchota maswali tofauti kwa kila mtu kutoka benki ya maswali. Na siku hizi za ChatGPT, msimamo wangu, koswaki ndogo ndogo ziende mtandaoni, UE, yani mtihani wa mwisho wa semista, ibaki chumbani na wasimamizi.

Umeme nao. Ukikatika katikati ya test majibu yaliyokwisha kuhifadhiwa yapo, mfumo unahifadhi wenyewe kila baada ya muda mfupi, ila saa ya test haisimami. Unaweza kumwongezea muda mwanafunzi mmoja au kundi bila kugusa wengine, kipengele kipo ndani ya mipangilio ya test hiyo hiyo, wengi hawajawahi kukifungua.

"Wameleta mfumo watupeleleze"

Hii siwezi kuiita potofu moja kwa moja. Mfumo unaandika nani kaingia, saa ngapi, kafungua nini, mwanafunzi na mhadhiri wote, na msimamizi anaona. Ni haki kuuliza uongozi kumbukumbu hizo zitatumika kwa lipi, tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ila tuulize na upande wetu, sisi tunaotupia matokeo ya darasa zima, majina na namba za usajili, kwenye grupu la WhatsApp. Kwenye mfumo kila mtu anaona maksi zake tu.

"Nikishaujua huu nimemaliza"

Waliozoea mfumo wa WebCT waliona kampuni ya Blackboard inaununua mwaka 2006. Moodle ya kwanza ilitoka 2002 kule Australia na sura yake ya leo aliyeitumia zamani haitambui. Mwisho wa semista pakua nakala ya kozi yako yote, inatoka kama faili la mbz, itunze nje ya chuo. Lakini mbz imetengenezwa kwa ajili ya Moodle, mfumo mwingine unaweza kuikataa, kwahiyo yale maswali ya Aiken baki nayo pia kwenye txt yake, na slaidi kwenye flashi yako.