Ziada ya Milioni 29 Ambayo Haikuwepo

Mimi ni mkaguzi wa hesabu hapa Tanga, na asasi ninazokagua nyingi ni ndogo: wafanyakazi watatu, chumba cha kupanga Ngamiani au Chumbageni, mfadhili mmoja. Mwenyekiti hunionyesha kwanza salio la benki. Mimi huomba taarifa za miaka mitano.

Tuseme asasi imepata ruzuku ya shilingi milioni 60 kwa mradi wa miaka miwili, na fedha zote zimeingia mwaka wa kwanza. Wanachama huchanga milioni 3 kila mwaka. Mradi unatumia milioni 30 kwa mwaka. Pango, umeme na mlinzi, ambavyo mfadhili hagharamii, vinakula milioni 4. Ukiandika fedha zinavyoingia na kutoka, mwaka wa kwanza una ziada ya milioni 29, na mkutano mkuu unapiga makofi. Mwaka wa pili una nakisi ya milioni 31, na mhasibu anaitwa kujieleza. Maskini, hajaiba hata senti.

Mwisho wa mwaka wa kwanza mradi ulikuwa bado unadai milioni 30, na benki zipo 29. Yaani milioni 1 ya mfadhili ilishamlipa mwenye nyumba, wakati watu wanashangilia. Mwaka wa pili pengo likaongezeka milioni 1 nyingine. Makofi na lawama, vyote vilikosea njia.

Ndiyo maana nasisitiza safu mbili: fedha zenye masharti, na fedha ambazo asasi ina uhuru nazo. Gawa hizo za pili kwa gharama za mwezi, upate miezi ambayo mnaweza kuishi bila mfadhili. Mitatu si mibaya. Nyingi ninazoziona hazifiki hata mmoja, na hati safi ya ukaguzi wanayo. Hati inasema vitabu vimeandikwa sawasawa. Haiahidi kwamba mtafika Desemba.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, waliotegemea mfuko huo mmoja hawakuwa na muda wa kupiga hesabu hizi.

Kwenye maombi yajayo, basi, wekeni pango na mlinzi ndani ya bajeti ya mradi. Wafadhili wengine watakata. Wengine hawakati, ila hawajawahi kuombwa.