Machicha ya viazi ni nini?

Aliyewahi kukuna nazi anayajua machicha: ni yale yanayobaki kwenye kifumbu baada ya tui kutoka. Kiwanda cha wanga nacho kina machicha yake. Viazi mviringo, ambavyo Kabale na Rubanda, wilaya za kusini-magharibi mwa Uganda, huitwa emondi, huoshwa na kusagwa hadi vikawa rojo, kisha rojo humwagiwa maji na kupitishwa kwenye chujio. Chembe za wanga hupita na maji, zikatuama chini. Nyuzi na maganda hubaki juu ya chujio, na hayo ndiyo machicha. Si mashudu: mashudu hutoka kwenye alizeti au pamba iliyokamuliwa mafuta na yana protini nyingi. Machicha ya viazi yana protini kidogo sana.

Jaribu jikoni. Kwaruza viazi viwili vitatu, changanya na maji, kamua kwa kitambaa juu ya beseni. Baada ya nusu saa mwaga maji taratibu. Chini utakuta tabaka jeupe, gumu ukilibonyeza ghafla, laini ukituliza kidole. Huo ni wanga. Sasa fungua kitambaa: machicha yameshaanza kugeuka kahawia kwa hewa. Yadondoshee ayodini ile ya vidonda, nayo yatakuwa bluu iliyokaribia weusi, dalili kwamba wanga bado umo. Umekamua mpaka viganja vikauma, na bado mwingine umejificha ndani ya seli ambazo hazikupasuka. Hata ya kiwandani, yakishakaushwa, karibu theluthi yake ni wanga. Sehemu kubwa iliyobaki ni selulosi na pektini, yaani vitu vinavyojenga kuta za seli za mmea. Kwa hiyo naumia nikisikia yakiitwa taka.

Shida yake ni maji. Machicha mabichi ni maji kwa asilimia 80 hadi 90. Ukiyapakia lori kutoka Kabale hadi Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 400, umelipia mafuta ya kusafirisha maji, na kwa joto la njiani yatakuwa yameanza kuoza. Mteja wa machicha ni jirani, na ni wa leo au kesho.

Katika milima ya Kigezi, eneo zilipo Kabale na Rubanda, jirani huyo yupo: mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayefugia bandani kwa sababu shamba ni dogo na mteremko ni mkali. Ng'ombe humeng'enya wanga mbichi bila taabu, ila apewe pamoja na majani na chakula chenye protini, kama mashudu au lablabu, mmea wa jamii ya kunde. Nguruwe ni habari nyingine: wanga mbichi wa kiazi humshinda tumbo, kwa hiyo machicha yake yapikwe kwanza. Viazi vilivyogeuka kijani au kuchipua vitengwe kabla ya kusagwa, kwani sumu yake, solanini, haiondoki kwa kuchemsha.

Yakizidi, yatengenezwe saileji, yaani chakula cha mifugo kilichochachushwa pasipo hewa. Yakamue, changanya na pumba kavu zinywe maji yaliyobaki, shindilia kwenye pipa au mfuko wa plastiki hadi hewa itoke, funga kabisa. Bakteria wa asidi ya laktiki watafanya kazi yao, na baada ya wiki tatu hivi utasikia harufu ya uchachu safi, kama ya bushera, kile kinywaji cha mtama kilichochachuka. Ikinuka uozo au ikiota ukungu, hewa iliingia, usimpe mnyama.

Machicha hufaa pia kwa bayogesi na mboji, na katika viwanda vikubwa vya Ulaya nyuzi zake hukaushwa na kutiwa kwenye mikate na soseji. Kwa mtu anayeanza na mashine moja, ng'ombe ndiye njia fupi zaidi.

Lipo pia lile maji yaliyotenganishwa na wanga. Yamebeba protini na sukari za kiazi. Ukiyaelekeza kwenye kinamasi au Ziwa Bunyonyi, bakteria watayala na kumaliza oksijeni ya samaki. Shimo la kuyapokea, pamoja na mahali pa mapipa ya saileji, vipimwe kabla mashine haijanunuliwa.