Je, wajua kwa nini Vezel ni haibridi, yaani ya petroli na umeme, ilhali HR-V yenye bodi ileile si haibridi?

Chukua Honda Vezel ya haibridi iliyouzwa Japani mwaka 2016, uiegeshe karibu na Honda HR-V iliyouzwa Marekani mwaka huohuo. Kwa macho utaona usukani uko upande tofauti na beji ya nyuma imebadilika, basi. Sasa fungua boneti. Vezel ina injini ya lita 1.5, mota ya umeme na giaboksi ya klachi mbili yenye gia saba. HR-V ina injini ya petroli tupu ya lita 1.8, nguvu za farasi 141, na haina mota ya kusukuma magurudumu. Milango na vioo vinafanana, lakini ukienda kutafuta spea za injini kwa kutaja jina la gari tu, utarudi na kitu kisichoingia.

Gari hili lilionyeshwa kwanza Detroit Januari 2013 kama gari la maonyesho, likaingia sokoni Japani Desemba 2013. Jina Vezel liliungwa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza: bezel, yaani uso wa kito uliochongwa, na vehicle, yaani gari. Katika nchi nyingi nje ya Japani, Honda iliona ni heri ifufue jina lake la zamani, HR-V, lililokuwa limebandikwa kwenye gari dogo lililotoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Msingi wa chini ni wa Fit, gari dogo la Honda, ya kizazi cha tatu, ambayo tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele. Ndiyo maana unaweza kuinua makalio ya kiti cha nyuma ukasimamisha mzigo mrefu, na betri ya haibridi ikapata nafasi chini ya sakafu ya buti.

Kwa nini Japani ipewe lita 1.5 na umeme, Marekani 1.8 bila umeme? Anza na kodi. Japani hutoza gari kodi ya kila mwaka kwa ukubwa wa injini: hadi Septemba 2019, gari jipya la zaidi ya lita 1 hadi 1.5 lilisajiliwa kwa yeni 34,500 kwa mwaka, na la zaidi ya 1.5 hadi 2 kwa yeni 39,500. Magari yanayonusa mafuta tu badala ya kuyanywa yalipata pia nafuu ya kodi nyingine. Kisha barabara zenyewe: taa nyingi, mwendo mdogo, kusimama na kuondoka. Hapo haibridi hurudisha umeme kila unapokanyaga breki. Kwa kipimo cha Japani cha wakati huo, JC08, Vezel ya haibridi ya msingi ilipewa kilomita 27.0 kwa lita. Kwenye barabara kuu ndefu, mguu ukitulia saa nzima, breki haiguswi na faida hiyo hupungua sana. Ulaya ya 2015 bado ilikuwa na mapenzi na dizeli, kwa hiyo HR-V yake ilipata dizeli ya lita 1.6 ya farasi 120, pamoja na petroli ya 1.5. China ilipata magari mawili ya petroli kutoka viwanda viwili vya ubia: Vezel ya GAC Honda na XR-V ya Dongfeng Honda. Malaysia ndiyo iliyovunja mazoea, kwa kuunganisha HR-V ya haibridi nchini mwake kuanzia 2019.

Mfumo wa haibridi wa Vezel hiyo ya kwanza unaitwa i-DCD, na ndiyo inayowapa mafundi kazi. Aliyezoea haibridi za Toyota hutarajia mwendo laini usio na gia za kuhesabika. Vezel haiko hivyo. Ndani ya giaboksi kuna shafti mbili: moja hubeba gia 1, 3, 5 na 7, nyingine 2, 4 na 6. Kila shafti ina klachi yake, na klachi hizo ni kavu, kama ya gari la manual, hazizami kwenye oili. Mota ya kilowati 22 imefungwa kwenye shafti ya gia zisizogawanyika kwa mbili.

Taa ikiwaka kijani na betri ina chaji, klachi zote mbili zinakuwa wazi, injini imezima, na mota peke yake inalisukuma gari kupitia gia ya kwanza. Ukikanyaga mafuta zaidi, injini inawashwa na klachi inafunga. Kutoka hapo kompyuta inapokezanisha shafti moja na nyingine, huku mota ikisaidia. Injini ina farasi 132, mota karibu 30, na kwa pamoja Honda inahesabu 152. Ukiachia mafuta na kugusa breki, klachi zinafunguka ili injini isile nguvu bure, na magurudumu yanaizungusha mota ichaji. Kwa vile breki zinaendeshwa kwa msaada wa umeme, kompyuta ndiyo inayoamua kiasi gani kifanywe na mota na kiasi gani na pedi. Pedi za Vezel hizi hudumu sana, ila pini za kalipa zinaweza kukauka kwa kukosa kazi, hivyo zisafishwe na kupakwa grisi hata kama pedi bado ni nene.

Udhaifu wake uko kwenye foleni ya mlimani. Betri ina seli 48 na volti 172.8, lakini akiba yake haifiki hata kilowati-saa moja. Kompresa ya AC nayo ni ya umeme, inakula kutoka betri hiyohiyo. Dakika chache za kujivuta mita mbili mbili, chaji inashuka, injini inaingia, na sasa gari linatambaa kwa klachi iliyoshikwa nusu. Klachi kavu ikiteleza hivyo hupata joto haraka, na haina oili ya kulibeba joto hilo. Kwanza utasikia mtetemo wakati wa kuondoka, kisha dashibodi itaonya kuwa giaboksi imepata joto kupita kiasi. Dereva akiendelea kulikanyagia, uso wa klachi unang'aa kama kioo, na mtetemo hauondoki tena hata baada ya kupoa.

Dawa ni ya udereva kwanza. Acha nafasi mbele ijikusanye, uondoke kwa mara moja, kisha usimame kabisa kwa breki. Usilishikilie gari mlimani kwa pedeli ya mafuta. Onyo likitokea, egesha mahali salama, weka P, usubiri lizimike. Kama mtetemo upo na klachi haijaisha, fundi mwenye mashine ya Honda anaweza kuifundisha upya kompyuta mahali klachi inapoanza kushika. Hatua hii lazima ifanyike pia klachi au kifaa kinachoisukuma kikibadilishwa. Kuna wanaobadili klachi nzima wakaruka hatua hiyo, halafu wakailaumu spea.

Programu yenyewe haikuzaliwa kamili. Mwaka 2014 Honda iliwaita wenye Fit na Vezel za haibridi zaidi ya mara moja kwa marekebisho. Kasoro moja ilikuwa kwenye udhibiti wa giaboksi, ambapo gia ya kwanza ingeweza kuchelewa au kukataa kuingia. Nyingine ilihusu programu ya injini, gari likaweza kuchomoka ghafla. Viongozi wa kampuni, akiwemo rais wake Takanobu Ito, walikubali kukatwa mishahara. Kwa hiyo ukikuta Vezel ya 2013 au 2014, ulizia namba ya chasisi yake kwa Honda ujue kama marekebisho yalifanyika.

Jambo linalowaponza wengi ni kudhani injini ya Vezel ni ya Fit. Mfumo wa haibridi unafanana, lakini Fit inanyunyizia petroli kwenye njia ya hewa, na Vezel inanyunyizia moja kwa moja ndani ya silinda. Nozo na pampu ya presha havibadilishani. Zaidi ya hapo, valvu za kuingiza hewa za Vezel haziogeshwi na petroli, hivyo masizi hujijenga juu yake taratibu. Oili ya 0W-20 ibadilishwe kwa wakati. Kuirefusha ni kuongeza masizi.

Ili usichanganyikiwe, soma msimbo wa modeli kwenye kibati kabla ya kusoma beji. RU1 ni petroli ya 1.5 yenye CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za kuhesabika, na RU2 ni hiyohiyo ya magurudumu manne. RU3 ni haibridi ya magurudumu mawili, RU4 haibridi ya manne. Mwaka 2019 Japani ilipata pia Vezel ya 1.5 yenye turbo, nayo ni RU1, kwa hiyo hapo msimbo pekee hautoshi.

Vezel ya sasa, iliyoanza kuuzwa Aprili 2021, imeiacha i-DCD kabisa. Haibridi zake ni RV5 na RV6, na mfumo unaitwa e:HEV: mota mbili, moja ya kuzalisha umeme na moja ya farasi 131 ya kusukuma magurudumu. Injini kwa kawaida huzungusha jenereta tu; kwenye mwendo wa kasi klachi moja huiunganisha na magurudumu. Hakuna gia saba, hakuna klachi kavu ya kutambaa nayo foleni. Ulaya sasa inauziwa HR-V ya namna hii pekee, bila dizeli. Marekani imepata kitu kingine tena: HR-V yake ya modeli ya 2023 ni gari kubwa zaidi, la msingi wa Civic, petroli tupu ya lita 2, na gari hilo ndilo Japani na Ulaya wanaliita ZR-V.

Kama unakagua RU3 ya kununua, omba iwe imelala baridi. Iwashe, iache ichaji, kisha tafuta mwinuko mdogo uondoke mara tano au sita mfululizo, taratibu, AC ikiwa wazi. Sikiliza kati ya gia ya kwanza na ya pili. Pima pia betri ndogo ya volti 12, kwa sababu ikichoka tu inaweza kuwasha taa za onyo za mfumo mzima, na muuzaji akakupunguzia bei kwa sababu ya klachi iliyo nzima.