Vinteji ya Porto ni nini hasa, na kwanini watu wanaiota ile ya 1931

Neno vinteji mtaani tumelizoea kwa vitu vya zamani, gauni la mtumba la miaka ya sabini, Peugeot 504 ya babu, redio ya mbao. Sasa ukilibeba hivyohivyo ukaenda nalo kwenye mvinyo wa Porto unapotea, manake kuna Porto ya 2017 ni vinteji kabisa na bado ni kinda, alafu kuna nyingine imekaa kwenye pipa miaka 40 mpaka imepauka ikawa rangi ya asali mbichi na hiyo siyo vinteji wala haitakaa iwe. Kinachoifanya Porto iitwe vinteji ni uamuzi wa watu, na ukiuelewa huo uamuzi utaelewa pia kwanini wapenzi wa huu mvinyo wanakosa usingizi kwa chupa fulani tu na zingine wanazipita.

Tuanze na Porto yenyewe. Inatoka bonde la mto Douro kaskazini mwa Ureno, milima imekatwa matuta kwa mikono, jiwe juu ya jiwe, na mipaka ya eneo hilo iliwekwa kisheria tangu 1756. Zabibu zikivunwa, mara nyingi Septemba, zile nzuri bado zinakanyagwa kwa miguu kwenye mabirika ya mawe, watu wameshikana mabega wanatembea humo masaa. Juisi inaanza kuchachuka, na baada ya siku mbili tatu hivi, sukari ikiwa imebaki kama nusu, wanamwagia brandi ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77, kama sehemu moja kwa sehemu nne za juisi. Hamira inakufa palepale, sukari iliyobaki inabaki, na ndo maana Porto ni tamu alafu ni kali, inafika kama asilimia 20.

Nyingi ya Porto inayouzwa duniani imechanganywa miaka tofauti tofauti ili ladha isibadilike. Ila ukitokea mwaka ambao jua, mvua na zabibu vimekubaliana, nyumba ya Porto, yaani kampuni inayoutengeneza, inatenga mvinyo wa mwaka huo peke yake, inausubiri, inauonja na kuuonja tena, na ikiridhika inapeleka sampuli kwenye taasisi ya serikali inayosimamia mvinyo wa Douro na Porto. Ikipitishwa, nyumba inautangaza mwaka. Hilo ndo neno lao, kutangaza, na kwa kawaida nyumba kubwa zinatangaza kama mara tatu tu katika miaka 10. Alafu mvinyo unaingia kwenye chupa kati ya mwaka wa pili na wa tatu tangu mavuno, bila kuchujwa, na humo ndani ya kioo ndo unazeekea, miaka 20, 40, mingine 80. Ile ya miaka 40 niliyoitaja juu imezeekea kwenye mbao, hewa inaigusa kidogo kidogo, ndo maana imepauka. Vinteji inazeekea gizani karibu bila hewa, rangi yake inakaa nayo muda mrefu sana.

Na kabla sijasahau, haya maneno siyo mageni kwetu kama tunavyodhani. "Mvinyo" tumelitoa kwa Wareno, wao wanasema vinho. "Pipa" nalo ni lao, na kule Douro pipa ni kipimo kabisa cha biashara, lita 550. Mimi nilipojua hilo nilifurahi sana, nikaona hii habari ina kamba inayofika mpaka pwani yetu.

Haya, tuje kwenye chupa zinazoliliwa. Ukiwauliza watu waliobobea ni ipi wangependa kuonja kabla hawajafa, wengi watakutajia Nacional ya 1931 ya nyumba inayoitwa Quinta do Noval, na sababu zake zimefungana vizuri mpaka inapendeza kuzisimulia.

Karne ya 19 kuna mdudu mdogo anaitwa filoksera alitoka Marekani akaingia mashamba ya Ulaya, anakula mizizi ya mzabibu mpaka unakauka. Douro alifika miaka ya 1860. Dawa iliyopatikana ni ileile tunayofanya kwenye miembe, kubebesha, unachukua shina la mzabibu wa Marekani ambao hauumizwi na huyo mdudu, unabebesha juu yake mzabibu wa Ulaya. Karibu mizabibu yote ya Douro leo imebebeshwa hivyo. Ila Noval wana kipande kidogo, hakifiki hata hekta 3, ambacho mizabibu yake imesimama kwa mizizi yake yenyewe kwenye udongo wa Ureno, na ndo maana wakakiita Nacional, cha taifa. Mvinyo wake unatoka kidogo mno na hautangazwi kila mwaka.

Sasa 1931. Mwaka ulikuwa mzuri ajabu lakini dunia ilikuwa imeanguka kiuchumi, na wafanyabiashara wa Uingereza, ambao ndo walikuwa wanunuzi wakubwa, maghala yao bado yalikuwa yamejaa 1927, mwaka mwingine mkubwa uliotangazwa na karibu kila nyumba. Nani angenunua tena? Kwaiyo nyumba nyingi zikanyamaza, mvinyo mzuri ukaishia kuchanganywa na mwingine, umepotea jina. Noval wakatangaza. Na mizabibu ya Nacional ilikuwa michanga bado, imepandwa katikati ya miaka ya 1920 tu. Yaani mwaka bora, mizabibu ya kipekee, chupa chache, na majirani wengi hawakutangaza, kwaiyo hata wa kuulinganisha nao ni wa kutafuta. Kwangu mimi hiyo ndo inayouma zaidi, kuwaza Porto za 1931 za nyumba zingine ambazo hatutazijua kamwe.

1945 nayo inaheshimiwa sana, mavuno yalikuwa madogo, joto kali, vita imeisha mwaka huohuo, na nyingi yake ilitiwa chupani kulekule Ureno wakati desturi ilikuwa kusafirisha mapipa mpaka Uingereza na wauza mvinyo wa huko wanajaza wenyewe. Ile desturi iliendelea mpaka vinteji ya 1970, kwaiyo 1963, mwaka mwingine wanaouimba sana, unaweza kukuta chupa mbili za nyumba moja zimejazwa na watu wawili tofauti na hazifanani kabisa. Kwa za karibuni watu wanataja 1994, Porto za nyumba za Taylor's na Fonseca zote zilipata alama 100 kwenye jarida la Wine Spectator, na 2011, ambapo ya nyumba ya Dow's ilishika namba moja ya jarida hilohilo mwaka 2014. Alafu 2016 na 2017 nyumba nyingi zilitangaza mfululizo, kitu ambacho ni nadra mno.

Mimi nilishuhudia moja ya 1977 ikifunguliwa, nilikuwa nahudumu hoteli moja ya ufukweni na mgeni alikuja nayo kwenye begi lake. Hakukubali ifunguliwe siku ileile. Aliomba isimamishwe wima siku mbili mahali pa baridi, kwa sababu safari ilikuwa imetibua mashapo, na vinteji ya zamani ina mashapo mengi, mazito, meusi kama majani ya chai yaliyoganda. Siku ya tatu kizibo kilitoka vipande vipande, akakivuta taratibu nusu saa nzima bila kulalamika. Alafu akawasha mshumaa, akauweka nyuma ya shingo ya chupa, akaanza kumimina kwenye jagi la kioo kwa mkono mmoja, hapumui, anaangalia ule mwanga tu, na alipoona uzi mweusi wa kwanza unakaribia mdomo wa chupa akasimama hapohapo. Kimebaki kama kidole kimoja chini, hakukigusa.

Akanimiminia kidogo. Rangi ilikuwa ya matofali pembeni na nyekundu ya kukolea katikati, harufu tende, ganda la chungwa lililokauka, na tumbaku kwa mbali. Ule ukali wa brandi niliouzoea kwenye Porto za bei rahisi haukuwepo, ulikuwa umeshayeyuka humo ndani, umebaki joto tu linashuka kifuani polepole.

Aliniambia alinunua mbili. Ile ya pili ilikuwa bado imelala nyumbani kwake, ina alama ya chokaa nyeupe ubavuni, ili hata baada ya miaka mtu akiihamisha ajue upande upi ulikuwa juu na asiisumbue.