Ukibandika RSS, masomo hayajahamia kwako

Naandika haya ili mtu mwingine akinitumia ujumbe wa "bandika tu kwenye tovuti yangu RSS ya wale wenye masomo ya bure, halafu weka na kisanduku cha kutafutia, kazi ndogo hiyo", nimpe kiungo cha ukurasa huu niendelee na shughuli zangu. RSS ni mlisho, yaani faili ambalo tovuti hulitoa likiorodhesha mambo yake mapya. Ombi huwa ni lilelile, na malalamiko yanayofuata nayo ni yaleyale: "Mbona nikitafuta sipati? Somo lile nililiona hapahapa juzi." Ni kweli uliliona. Lakini hukuwa nalo.

Fungua mlisho wowote, lile faili lenyewe la XML (maandishi yenye alama zinazosomwa na kompyuta) kabla halijapambwa. Ndani ya kila item, yaani kila kitu kimoja kwenye orodha, kuna kichwa, kiungo, maelezo mafupi, tarehe na guid (kitambulisho chake). Pengine kuna enclosure, ambayo nayo inabeba anwani ya faili tu. PDF haimo, video haimo. Kisha hesabu hizo item. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kama hakuna aliyegusa mipangilio, hutoa makala 10 za karibuni. Hazina, yaani tovuti inayohifadhi masomo hayo, inaweza kuwa na maelfu yake, wewe unaletewa kumi. Likiingia jipya, la zamani linadondoka kutoka kwenye orodha, na hakuna anayeiarifu tovuti yako. Mlisho ni ubao wa matangazo mlangoni mwa maktaba: unakuonyesha kilichoingia, rafu zimebaki ndani.

Wala RSS haina kosa. Ilianzia Netscape mwaka 1999 kwa ajili ya vichwa vya habari, na kwa kazi hiyo hadi leo sijaona kinachoishinda kwa wepesi. Wapo waliotangaza kifo chake Google ilipofunga Reader, programu yake ya kusomea milisho, mwaka 2013; mimi bado inanipa kazi. Tofauti kati ya RSS 2.0 na Atom, muundo mwingine wa milisho, sitazigusa, maana programu yoyote nzuri ya kusoma milisho inazimudu zote mbili.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Kuna namna tatu za kuleta maudhui ya wengine kwenye ukurasa wako, na watu wanazichanganya kwa sababu kwa macho zinafanana.

Ya kwanza ni wijeti, kipande kinachobandikwa ndani ya ukurasa, iwe JavaScript (msimbo unaoendeshwa na kivinjari) au fremu. Anayekwenda kuchukua maudhui ni kivinjari cha msomaji. Seva yako haihusiki kabisa, haijui hata kilichoonyeshwa. Kisanduku chako cha kutafutia kinasoma hifadhidata yako, na humo hakuna kitu. Ni kiini macho. Tena ukijaribu kuvuta mlisho wa kikoa kingine moja kwa moja kwa JavaScript, kivinjari kitakataa kukupa majibu isipokuwa seva ya upande wa pili imeruhusu kupitia CORS, utaratibu wa ruhusa kati ya vikoa. Hapo ndipo mtu anakimbilia huduma ya bure ya kumgeuzia RSS iwe wijeti, na siku huduma hiyo ikifungwa ukurasa unabaki na pengo jeupe katikati.

Ya pili, seva yako ndiyo inayovuta mlisho na kuuonyesha. Hii ni nafuu, lakini ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu sasa maudhui yamepita kwako. Ndani ya WordPress, amri ya kuvuta mlisho, fetch_feed, hukaa na nakala kwa saa 12 kabla ya kwenda kuuliza tena (ndiyo maana tovuti "haijisasishi", acheni kunipigia). Ila nakala hiyo iko kwenye kache, hifadhi ya muda. Utafutaji wa WordPress unasoma vichwa, dondoo na matini ya makala zako, kache hauigusi. Kwa hiyo somo limo ndani ya seva yako, na bado halitafutiki.

Ya tatu ni kuvuna: kila item inaingizwa kwenye hifadhidata kama rekodi kamili, ikiwa na kitambulisho chake ili usiiingize mara mbili. Hapa ndipo utafutaji unapoanza kuwa na maana. Lakini ukivuna kwa RSS utapata yaliyotoka tangu siku uliyoanza, pamoja na yale machache yaliyokuwa bado kwenye mlisho. Ya miaka iliyopita hutayaona.

Kwa ya miaka iliyopita kuna OAI-PMH, itifaki ya kuvunia rekodi za hazina, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2002 na halijabadilishwa na jingine tangu hapo. Hazina nyingi za vyuo vikuu zinayo, ingawa wahusika wenyewe wakati mwingine hawana habari. Ina amri sita tu. Unaita anwani ya OAI ya hazina na kuongeza ?verb=ListRecords&metadataPrefix=oai_dc, unaletewa fungu la rekodi, na mwishoni mwa fungu kuna resumptionToken, tokeni ya kuendelea. Unairudisha, unapewa fungu linalofuata, hivyo hivyo hadi tokeni irudi tupu. Nimeona vivunaji vilivyosimama kwenye fungu la kwanza, na mwenye tovuti akaamini hazina nzima ina rekodi mia moja.

Halafu kuna kigezo cha from. Nakuomba usome sentensi hii polepole: tarehe ya from inahusu mara ya mwisho rekodi ilipoguswa ndani ya hazina, haihusu mwaka somo lilipoandikwa. Ukiomba from=2020-01-01 utaletewa kijitabu cha zamani ambacho mkutubi alisahihisha herufi moja kwenye kichwa chake jana, na utakosa somo lililoingizwa 2019 ambalo halijaguswa tangu hapo. Kigezo hicho kiliwekwa ili kivunaji kiulize "nini kimebadilika tangu nilipopita?" na hapo kinafanya kazi vizuri sana. Kama unataka masomo ya miaka fulani, vuna yote kisha chuja mwenyewe kwa dc:date, sehemu ya tarehe kwenye rekodi. Na hata dc:date ina vituko vyake: hazina moja inaweka mwaka wa kuchapishwa, nyingine siku ya kupakiwa, nyingine inaweka zote mbili bila kusema ipi ni ipi.

Hapo ndipo tunafika kwenye uchafu ambao hautajwi kwenye mafunzo. Dublin Core, mpangilio wa maelezo ya rekodi (ndiyo hiyo "dc"), kwa msingi ina vipengele 15, na vyote ni vya hiari, na vyote vinaweza kurudiwa. Uhuru mtupu. Kwenye dc:identifier utakuta URL, au ISBN, au namba ya ndani isiyomsaidia yeyote aliye nje. Kwenye dc:language utakuta sw, swa, Swahili, Kiswahili, na pengine hakuna kitu. Bila jedwali la kusawazisha haya, kichujio cha lugha ulichomwahidi mteja kinaficha nusu ya masomo. Mada ndiyo balaa zaidi. Kila hazina ina namna yake ya kuzitaja, na nimeacha kuamini kwamba mtu anaweza kuzikunja zote ziingie kwenye mti mmoja wa mada bila kupotosha. Naifanya kazi hiyo nikiombwa. Siitetei.

Na vilivyofutwa je? Hazina hutangaza sera yake kwenye jibu la amri ya Identify, chini ya deletedRecord: no (haiweki kumbukumbu za vilivyofutwa), transient (haiahidi kuzitunza) au persistent (inazitunza daima). Ikiwa persistent, kivunaji chako kitaambiwa "hii imefutwa" na kitaiondoa. Ikiwa no, kimya. Rekodi inatoweka kwao, kwako inabaki, na msomaji anabofya kiungo kilichokufa na kukulaumu wewe. Dawa pekee ni kuvuna upya kila kitu mara kwa mara na kulinganisha. Ni kazi ya kuchosha, na seva za watu hazipendi kuvamiwa mchana, kwa hiyo fanya usiku na kwa mwendo wa adabu. Kwa milisho ya kawaida, tumia ETag na If-Modified-Since, alama zinazoiambia seva ulichochukua mara ya mwisho, ili ikujibu 304 ("hakijabadilika") pale ambapo hakuna jipya. Na HTML yote inayotoka nje isafishwe kabla ya kuonyeshwa; script (msimbo) ya mtu mwingine ikipenya kwenye ukurasa wako, imepewa mamlaka ya ukurasa wako.

Tuseme umevuna vizuri. Mtu anaandika "kitabu" kwenye kisanduku, na masomo yote yaliyoandikwa "vitabu" hayatokei. Injini nyingi za utafutaji zimefundishwa kukata mikia ya maneno, ilhali Kiswahili hubadilika zaidi kichwani: mwalimu, walimu, anafundisha, walifundishwa, ufundishaji. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, huja na mipangilio ya lugha kadhaa, Kiswahili hakimo, basi tunatumia ile iitwayo simple, ambayo inalinganisha maneno yalivyo. Wengi huongeza pg_trgm, nyongeza ya PostgreSQL inayokata neno vipande vya herufi tatutatu na kuhesabu vinavyofanana. Kitabu na vitabu wanashirikiana vipande vinne kati ya kumi, yaani 0.4, na kizingiti cha kawaida ni 0.3. Safi, vimepatana. Jicho na macho wanapata 0.2, wanatupwa nje. Halafu kitabu na tabu wanapata 0.33. Kwa hiyo anayetafuta kitabu analetewa tabu, na mashine inaona imefanya kazi nzuri.

Ninachofanya ni kupanga kwanza yaliyolingana kabisa, kisha yanayokaribiana, pamoja na orodha fupi niliyoandika kwa mkono ya maneno yanayotafutwa sana na wingi wake. Si maridadi. Kuna siku naona kuandika kanuni za kukata viambishi awali ndiyo njia sahihi, halafu nakutana na neno linaloanza na "ki" au "wa" ambayo si kiambishi hata kidogo, hamu inaisha.

Wengine watasema: kwa nini uvune, si upeleke swali la msomaji kwa hazina zote kwa wakati mmoja? Inawezekana. Utakuwa mwepesi kama ile iliyo nzito kuliko zote, na alama za ulinganifu za injini moja hazilinganishiki na za nyingine, kwa hiyo huna njia ya haki ya kuamua jibu lipi liwe juu. Kwa tovuti ndogo isiyo na fundi wa kudumu, mimi hupendekeza kitu ambacho wenzangu wanakidharau: Programmable Search Engine ya Google. Unaitajia tovuti unazotaka zitafutwe, imekwisha. Toleo la bure lina matangazo, na kile ambacho Google haijakifaharasisha hakitatokea, lakini angalau inatafuta ndani ya masomo yenyewe na si ndani ya kache yako tupu.

Leseni nitazipitia haraka, ingawa zinastahili makala yake. Kuonyesha kichwa na kiungo ni jambo moja, kunakili somo zima ni jingine. Creative Commons, shirika la leseni za kushirikishana kazi, ina leseni sita, na yenye ND (usibadilishe) hairuhusu kusambaza tafsiri yake wala toleo ulilolikatakata. Yenye NC (si kwa biashara), kama ile ya MIT OpenCourseWare, masomo ya bure ya chuo cha MIT, inakataza matumizi yanayolenga hasa faida ya kibiashara. Je, ukurasa wenye tangazo moja pembeni ni biashara? Nimesikia majibu ya kila aina kutoka kwa watu wenye akili zao. Mimi hapo huweka kiungo na muhtasari wangu mwenyewe, silali na wasiwasi. Kuhusu dc:rights, sehemu ya haki kwenye rekodi, usiitegemee peke yake: mara nyingi ni maneno ya jumla yaliyobandikwa kwenye rekodi zote, na faili lenyewe ndani linasema mengine.

Kwa hiyo kabla hujanitumia ombi, niambie kwanza kama wageni wako wanataka kujua kilichotoka wiki hii, au wanataka kupata somo la sehemu na desimali walilohitaji leo. Kama ni la kwanza, RSS inatosha na huhitaji kisanduku chochote. Kama ni la pili, tafuta anwani ya OAI ya hazina unayoitaka, ongeza ?verb=Identify mwishoni, ufungue kwenye kivinjari. Ikirudisha XML yenye jina la hazina, nitumie jibu lote, hasa mstari wa deletedRecord. Ikirudisha ukurasa wa makosa, waandikie uwaulize kama wana API, njia ya programu kuomba data kwao. Wasipojibu, weka kiungo cha kawaida cha kuelekea kwao, tena kikubwa, juu ya ukurasa.